Asubuhi Mbichi ya Timamu

Namna Sikudhani Mbwera alivyofika Timamu si habari. Habari ni kwamba alifika langoni katika giza totoro, na karani aliyempokea, mtu mwembamba aitwaye Shekue, akamkaribisha kwa kumwambia habari za asubuhi. Sikudhani akadhani amesikia vibaya. Akatoa tochi ili amwone anayeongea naye. Karani akaichukua tochi kwa upole, akaizima, akaomba na saa yake ya mkononi, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Alimweleza kwamba mchana kuwasha tochi ni kosa, na saa za kigeni huwachanganya watu. Kisha akaandika daftarini bila kuona anachoandika, kwa mazoea tu, kwamba mgeni ameingia asubuhi na hali ya nchi aliyoikuta ni mia kwa mia.

Sikudhani alikuwa fundi wa betri kubwa, mwenyeji wa Tanga, mwenye miaka ishirini katika kazi hiyo na ulimi usiopenda kuzungushwa. Alikuwa ameitwa apime Ghala la Umeme la Timamu na kutia sahihi cheti cha afya yake. Sahihi moja tu, barua ilisema, na chakula juu yao.

Timamu imo ndani ya bakuli la milima, na katikati yake ndipo lilipo Ghala: jengo refu lililojaa makabati, na makabati yamejaa betri. Mchana paneli za sola zilizo mlimani hulijaza. Jua likizama, Ghala huiwashia nchi nzima taa na mashine zake. Lilipokuwa jipya lilidumu usiku kucha, saa kumi na mbili kamili, na wazee wa Baraza wakaona fahari hiyo isipotee. Wakaiandika kuwa sheria: Ghala hudumu usiku kucha. Juu ya paa wakatundika kengele kubwa iliyoshikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukiisha, sumaku huachia, kengele huanguka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho asubuhi.

Miaka ikapita. Umeme ukaanza kuisha kabla ya jua kutoka, kwanza kwa nusu saa, halafu kwa saa nzima. Baraza lilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kukiri kwamba betri zimechoka, au kutangaza kwamba usiku umekwisha. Likachagua la pili, tena bila hata kura moja ya kupinga. Hivyo siku hizi kengele huanguka saa nane na nusu za usiku kwa saa yoyote ya duniani, na nchi nzima huamka. Wanafunzi hupapasa ukuta kwenda darasani. Wauza maandazi hukaanga kwa kunusa. Watu wamekipa kipindi hicho jina, asubuhi mbichi, na hulitamka bila kucheka. Ajuaye kucheka alishakwisha kutozwa faini.

Sikudhani alipewa chumba kwa Bi Kidawa, mlinzi wa swichi za Ghala, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuunganisha laini zote jua linapozama; baada ya hapo Ghala lilijiendesha lenyewe mpaka likauke. Aliishi na mdogo wake, Shomari, aliyelala kitandani akisaidiwa kupumua na mashine. Mashine hiyo ilikula umeme. Mchana sola ndogo ya juu ya bati iliiendesha, na usiku Ghala.

Usiku wa kwanza kengele ilipoanguka, mashine ilinyamaza. Sikudhani akasikia mlio mwingine ukianza chumba cha pili, wa mpira ukibinywa na kuachiwa, ukibinywa na kuachiwa. Alienda kwa kupapasa. Kidawa alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mfuko wa kupulizia hewa, akimbinyia ndugu yake pumzi moja baada ya nyingine. Aliendelea hivyo saa tatu na nusu. Jua lilipotoka Sikudhani aliuona mkono ule. Ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na katikati ya kiganja ngozi ilikuwa ngumu, imepasuka kama soli ya kiatu. Akamuuliza ameanza lini. Kidawa akasema mwaka juzi, wakati ilikuwa saa mbili na nusu tu. Mwaka jana ikawa tatu.

"Nikisinzia, amekufa," alisema. "Na wataandika amekufa mchana, umeme hauhusiki."

Asubuhi iliyoiva, yaani ile yenye jua, walikwenda Ghalani. Mlango ulipofunguliwa joto liliwapiga usoni kama la tanuri la mikate. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa matofali. Kidawa alieleza kwamba aliyaziba Mheshimiwa Ngwali, Waziri wa Ujazo, akihofia macho ya wenye husuda. Sikudhani alisimama pale akitokwa jasho na hasira ikimpanda, kwa sababu joto ndilo linalozila betri haraka kuliko kitu chochote, na huhitaji kuwa fundi kuhisi kwamba mle ndani mtu angeweza kuiva.

Akapima siku nzima. Akamuuliza Kidawa maswali, na kila jibu lilikuwa sheria. Kwa nini betri zinajazwa mpaka pomoni kila siku na kuachwa zimejaa kutwa? Sheria: nusu ni aibu. Kwa nini zinakamuliwa mpaka tone la mwisho? Sheria: kubakiza ni ubadhirifu. Kwa nini kila mwaka, Sikukuu ya Kujaa, zinajazwa kwa pupa, kwa saa moja, tena asubuhi ya baridi kali? Ili Mheshimiwa akate utepe na kuwahi chakula. Mtu aliyekusudia kuua betri asingeweza kutunga sheria bora zaidi.

Alimweleza Kidawa kwa lugha nyepesi. Kila betri inapojazwa na kutumiwa, ndani yake hujengeka utando mwembamba kama ukoko wa chungu, na kila mara utando huo hunasa chembe kidogo za yale madini yanayobeba umeme. Chembe zilizonaswa hazirudi kazini. Betri haina kosa hapo, ni umri. Unaweza kuchelewesha kwa kuipa hewa, kutoijaza mno, kutoikausha mno. Kuzuia kabisa huwezi. Na kwa kuwa betri zimepangwa kwa mistari, zikishikana mikono, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo huamua mstari mzima usimame wapi. Unatakiwa uitafute, uitoe, uweke nyingine.

Kidawa akampeleka kwenye kabati la saba. Hapo palining'inia picha kubwa ya Mheshimiwa Ngwali akitabasamu. Akaisogeza. Nyuma yake palikuwa tupu, na ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi. Mwaka juzi, alisema, betri moja ilivimba kwa joto. Shomari, ambaye alikuwa mlinzi mwenzake, aliomba itolewe, akajibiwa kwamba kuomba betri itolewe ni kudai kwamba Ghala halijatimia. Wiki ya pili ikashika moto. Shomari aliingia kwenye moshi ule kuzivuta zilizokuwa jirani zisiungue, akaliokoa Ghala, na mapafu yake yakabaki humo. Katika taarifa ya Wizara hapakuwa na moto. Ilisemwa kwamba mfanyakazi mmoja alikohoa.

Mwisho alimwonyesha kipimo. Kilikuwa uso wa duara wenye mshale, na mshale ulielekea MIA. Sikudhani akakikwaruza ukingo kwa ukucha. Karatasi ikabanduka. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, na nyingine chini ya hiyo, kumi na moja kwa jumla. Kila Sikukuu ya Kujaa Wizara hubandika uso mpya, na neno MIA huchorwa pale mshale ulipoishia kusimama mwaka huo. Kwenye uso wa kwanza kabisa, wa mafundi waliolijenga, mshale ulisimama sabini na moja. Vipimo vyake yeye mwenyewe vilisema hivyo hivyo.

Alipangiwa siku ya kusikilizwa na Baraza la Ujazo. Lilikutana alasiri, maana waheshimiwa hawapendi asubuhi mbichi, huilalia. Sikudhani alisema sabini na moja, akaeleza sababu, akaeleza na dawa. Wakamsikiliza kwa adabu. Kisha likaanza jambo ambalo kule huitwa mjadala. Mjumbe mmoja alisema kikombe kilichokatwa nusu, ukikijaza, kimejaa, na fundi aonyeshe pasipojaa. Mwingine alisema tatizo si betri bali uvivu wa jua. Wa tatu alipendekeza raia nao wapimwe, na papo hapo akakumbushwa kwamba tayari wanapimwa: kila mmoja hubandikwa beji ya MIA kifuani mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana Timamu haina wastaafu. Mpagazi wa miaka sabini hubeba gunia lile lile alilobeba akiwa na ishirini. Akianguka nalo, beji huvuliwa kwanza ndipo aokotwe.

Mheshimiwa Ngwali alizungumza mwisho, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Hakukanusha kitu. Alisema wananchi wameridhika, na kwamba cheti kikisainiwa, mambo yataendelea vizuri kwa mwaka mwingine.

"Mwaka mwingine kuna mtu atakufa, Mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Namjua jina."

"Basi atie bidii," alijibu Ngwali, akamwambia kwamba mgeni haruhusiwi kuvuka lango bila kusaini. Chakula kilikuwa juu yao. Angekula hata miaka kumi.

Sikudhani alirudi nyumbani kwa ghadhabu, akarusha mkoba wake ukutani. Kidawa aliuokota, akaukung'uta, akauliza swali moja tu. Hakuuliza kama atasaini. Aliuliza ni laini gani ikizimwa umeme ungefika hadi jua litoke.

Wakakaa na kalamu. Nyumba za watu, kliniki na pampu za maji zilikula kidogo. Karibu theluthi nzima ilikwenda Barabara ya Heshima: taa mia nne zinazomulika njia ambayo hakuna apitaye usiku, chemchemi inayorusha maji rangi tatu, na viyoyozi vya kupoza vyumba vya waheshimiwa waliokwisha lala. Ukiondoa hizo, sabini na moja inatosha. Inatosha na kubaki. Kidawa aliitazama ile hesabu muda mrefu. Mkono wake ulikuwa mapajani, umefungwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Miaka miwili alikuwa akimgawia ndugu yake pumzi kwa kiganja, na pumzi zenyewe zilikuwa zimekaa barabarani, zinamulika lami.

Jioni ile aliunganisha laini zote isipokuwa moja.

Kengele haikuanguka saa nane na nusu. Haikuanguka saa tisa wala saa kumi. Mashine ya Shomari iliendelea kuvuta na kupuliza, na Kidawa, ambaye mwanzoni alikaa wima akiusubiri ukimya, aliinamisha kichwa kwenye godoro na kulala usingizi mzito wa kukoroma. Nchi nzima ililala hivyo. Jua lilipotokeza juu ya mlima ndipo watu walipofumbua macho, wakatoka nje wakishangaa kuonana sura. Muuza maandazi mmoja alilia, akasema hakujua kwamba mwanawe ameota ndevu.

Kabla ya adhuhuri Kidawa alikamatwa. Shitaka lake lilikuwa kuchelewesha asubuhi kwa saa tatu na nusu. Laini ya Barabara ya Heshima ikarudishwa siku hiyo hiyo, mbele ya bendi.

Timamu wana desturi kwamba kesi husikilizwa saa ile ile kosa lilipotendeka. Mwizi wa mbuzi aliyeiba saa sita husimamishwa juani saa sita. Ni desturi ya zamani na hakuna aliyewahi kuiona kasoro. Sasa kosa la Kidawa lilitendeka asubuhi mbichi, kwa hiyo Mheshimiwa Ngwali, maana kule waziri ndiye hakimu, pamoja na wajumbe wake sita, walilazimika kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuamshwa na kengele yao wenyewe. Waliingia mahakamani wakigongana. Benchi moja liliangushwa. Taa hazikuwapo, kwa kuwa ulikuwa mchana.

Mshitakiwa aliruhusiwa kuja na ndugu yake, maana hapakuwa na wa kumwachia. Shomari alilazwa kwenye machela karibu na kizimba. Katika giza lile Sikudhani alisikia karatasi zikichakurwa mezani, halafu Ngwali akakohoa, akaanza kusoma shitaka, akanyamaza. Akaanza tena. Alikuwa akitunga. Alimtaja mshitakiwa kwa jina lisilo lake na kijiji asichotoka. Hakuna aliyemsahihisha, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba hasomi.

Akaamuru mshitakiwa anyanyue mkono wa kulia aape.

"Mkono wangu una kazi, Mheshimiwa," Kidawa alisema. Na kweli ule mlio wa mpira ulikuwa haujakoma tangu waingie. "Nikiunyanyua, huyu anakata roho. Aje mmoja wenu aushike mfuko, nami nitaapa."

Kisha kiti kikasogezwa, na aliyesogea alikuwa Shekue, karani. Kidawa alimwongoza mkono, akamfundisha kiasi cha kubinya na kiasi cha kuachia. Yeye akaapa. Aliulizwa kama alichelewesha asubuhi, akajibu kwamba alizima taa za barabara ili mdogo wake avute pumzi, na kama hilo ndilo kosa basi ni lake. Maswali yalikuwa mengi na ya kijinga, na Shekue akaendelea kubinya. Baada ya robo saa pumzi yake yeye mwenyewe ilianza kusikika. Baada ya nusu saa alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kiganja kimekufa ganzi. Kidawa alitaka kuupokea mfuko. Sikudhani akamshika bega, akamzuia.

"Umechoka, dada," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mahakama ina mikono kumi na minne."

Mjumbe aliyewahi kusema habari za kikombe akauchukua, akadumu dakika kumi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakipapasa njia, wakikanyagana vidole, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyeuacha. Mfuko ulimfikia Ngwali. Alibinya kwa nguvu mno mwanzoni, Shomari akapaliwa, na Kidawa akamwambia taratibu, kama anamwambia mtoto. Akabinya taratibu. Jasho lilimdondoka, likasikika juu ya turubai la machela.

"Mpaka lini?" aliuliza mwishowe.

"Mpaka asubuhi, Mheshimiwa," Kidawa alisema.

Hakuna aliyepinga. Wajumbe sita, waliopitisha kwa mikono yao kwamba asubuhi imekwisha fika, walisimama gizani, na waziri wao akauliza asubuhi bado saa ngapi. Shekue aliingiza mkono mfukoni, akakifungua kitambaa. Mishale ya saa ya Sikudhani iling'aa kijani, nuru pekee katika nyumba ile, na nyuso zote zikaigeukia.

"Ni saa kumi na robo za usiku," Shekue alisema. "Bado saa moja na dakika arobaini na tano."

Wakabinya kwa zamu mpaka mwisho.

Jua lilipoingia dirishani, mashine ya Shomari, iliyoletwa pamoja naye, ilichomekwa kwenye sola ya mahakama, na kila mtu akaficha mikono yake. Ngwali aliisukuma yake ndani ya mikono ya joho, akakalia kiti chake, akakunjua karatasi ya shitaka na sasa akaisoma vizuri kabisa, pamoja na jina sahihi. Akatoa hukumu. Kidawa amefukuzwa kazi. Taa za Barabara ya Heshima zitawaka kama kawaida. Fundi mgeni atasaini mia au atakula chakula cha Timamu hadi azeeke. Alisema hayo huku kiganja chake kikivuja maji ya malengelenge, na Sikudhani akaona kwamba aibu peke yake haimfundishi mtu wa aina hiyo kitu chochote. Alimchukia kwa moyo wake wote.

Ngwali akamgeukia karani, akamwamuru aandike kwamba kesi imesikilizwa mchana.

Shekue alichovya kalamu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, akaishika kalamu kwa ngumi kama mwiko. Akaandika neno moja, akalipulizia likauke, akaligeuza daftari ili Sikudhani alione. Lilisema usiku. Sikudhani akachukua kalamu ile ile, akaandika chini yake sabini na moja, akatia sahihi. Barua ilikuwa imemwomba sahihi moja, na hiyo ndiyo.

"Futa," Ngwali alisema.

"Nimeubinya ule mfuko, Mheshimiwa," alijibu Shekue. "Nanyi mmeubinya."

Ngwali akawaamuru wajumbe wamnyang'anye daftari. Wakatazamana. Ili kumnyang'anya mtu daftari unahitaji mikono, na ya kwao ilikuwa imechoka. Shekue akalifunga, akaliweka juu ya kiti chake, akalikalia.

Kidawa alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amepitia mlango wa nyuma wa Ghala, akiwa bado na funguo, na wote waliokuwa mahakamani wakasikia nyundo ikianza kuyapiga matofali ya dirisha la kwanza.